Nilitoa hela ya tofali nikanunua kadi ya grafiki, na gemu la babu halisogei

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 33. Naishi Tanga, Makorora, na mke wangu na watoto wetu wawili; mkubwa ana miaka sita, mdogo miezi tisa. Ni karani wa hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea nyumbani. Naomba jina langu lisitoke.

Nianze na gemu lenyewe ili unielewe. Napenda magemu ya kompyuta tangu nikiwa kidato cha pili, na miaka minne iliyopita nilianza kutengeneza la kwangu. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza usiku, kwa video za bure na kwa kukosea mpaka nipatie. Natumia Godot, programu ya kutengenezea magemu, kwa sababu hailipiwi na inaendeka hata kwenye kompyuta dhaifu. Gemu langu linahusu jahazi. Mchezaji ni nahodha anayebeba boriti, chumvi, nazi na papa mkavu kati ya Pangani, Tanga, Pemba, Mombasa na Lamu. Hakuna wa kupigana naye. Anayekushinda ni upepo. Kaskazi ikivuma huwezi kuamua tu kwenda Lamu. Usubiri kusi, au uende joshi, yaani ukate upepo upande huu na ule, siku nyingi huku maji ya kunywa yanapungua na mabaharia wananuna.

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia Pangani, na karibu kila kilichomo nimekichota kwake. Hata sauti ya nahodha ni yake. Nilimrekodi kwa simu akiamrisha "tweka!", akihesabu mizigo, akiimba. Ile simu ilishakufa, lakini nilikuwa nimeshaziingiza faili kwenye kompyuta. Alifariki Agosti mwaka jana, Allah amrehemu.

Sasa shida zangu. Oktoba nilitoa TSh 1,450,000 kwenye akiba ya ujenzi. Tuna kiwanja Pongwe na hela ile ilikuwa ya tofali. Nikaagiza kutoka Kariakoo kadi ya grafiki na pawa saplai ya kuihimili, mzigo ukaja na basi. Mke wangu alipoliona boksi nikamwambia nimeazimwa na rafiki anayesafiri. Nafsi yangu niliiambia kwamba bila kadi ile siwezi kumaliza gemu. Shangazi, huo ni uongo. Gemu langu ni la picha bapa, linaendeka vizuri kabisa kwenye kadi ya zamani. Tangu ile mpya ifike sijaongeza hata bandari moja. Nacheza. Kila usiku watoto wakilala navaa hedifoni, naungana na wenzangu watatu niliosoma nao. Mmoja yuko Mwanza, mmoja Dar, mmoja alihamia Kigali. Tunacheza gemu la kurushiana risasi, watano kwa watano, kwenye seva za Johannesburg, mpaka saa nane au tisa usiku. Asubuhi dukani naandika hesabu macho mekundu.

Januari nilichukua nusu ya likizo yangu, siku 14, nikamwambia mke wangu nataka kumaliza gemu. Nililifungua mara mbili tu. Siku zote zilizobaki nilicheza.

Mke wangu si mgomvi. Analalamikia LUKU, na haki yake. Mara moja aliamka saa nane akanikuta nacheka peke yangu, akasema, "Unaongea na ukuta." Kesho yake akaniambia maneno ambayo hayanitoki: "Sikukatazi gemu. Nakuuliza uko wapi."

Mwezi uliopita shemeji yangu, kaka yake mkubwa mke wangu, anayefanya kazi Muscat, aliona kipande cha video ya jahazi nilichomtumia mtoto wake. Akapiga simu. Anasema niache kazi mwaka mzima, atanipa TSh milioni 8, nimalize gemu, niliuze Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, na mapato tugawane nusu kwa nusu. Mshahara wangu mkononi ni TSh 620,000, kwa hiyo ni kama mshahara wa mwaka na chenji. Amesema nimweleze dada yake mimi mwenyewe, na anataka jibu kabla ya Idi. Sijamweleza. Nikimweleza la shemeji itabidi nimweleze na la kadi, maana atauliza akiba ikoje.

Habari za yule Mmarekani aliyetengeneza gemu la Stardew Valley peke yake nimezisoma sijui mara ngapi. Kuna siku najiona ni mimi. Kuna siku najiona ni baba wa watoto wawili anayechezea umeme, na najiuliza kwa nini nisiuze kadi, nikafuta kila kitu, nikawa mtu mzima kama wenzangu.

Niikubali ofa? Nimwambie mke wangu kwanza au nisubiri hela ya shemeji ije nizibe pengo la akiba kimyakimya? Au niache haya mambo kabisa?

Mwenye Jahazi, Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuandika, na asante kwa kusema neno "uongo" bila mimi kukusaidia kulitamka.

Barua yako niliisomea kijana wangu, ambaye naye akitoka kazini hutengeneza magemu madogo madogo. Sikumwambia unatoka wapi. Nilihitaji mtu wa kunieleza mambo ya Steam na Godot, kwa hiyo nitakapozitaja hesabu hizo ujue tulikaa tukazipiga wote wawili. Nilipomaliza kusoma aliniomba nirudie pale kwenye kwenda joshi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hilo gemu ningelicheza." Nakufikishia.

Kama nimekuelewa, umeniletea mizigo mitatu umeifunga kwa kamba moja: hela iliyotoka kwenye akiba, ofa ya shemeji, na gemu lililosimama. Na namna ulivyoifunga ni hivi: gemu limesimama kwa kukosa muda, hela ya shemeji italeta muda, gemu likiisha litaleta hela, na hela italifuta lile la Oktoba lisijulikane. Kila kimoja kinaegemea mwenzake. Kabla hatujauliza kama uikubali ofa, niruhusu nikiguse hicho cha kwanza, cha muda.

Kwa miaka mitatu na zaidi ulikuwa na kazi ile ile, mshahara ule ule, mtoto mdogo ndani, kompyuta dhaifu. Ukafikisha bandari tano na pepo za misimu miwili. Mtu asiye na muda hafanyi hivyo. Januari ukapata siku 14 zisizo na bosi, na mke aliyekuachia nafasi, ukalifungua gemu mara mbili. Wala sikuiti mvivu. Nakuuliza tu: kama siku 14 zilipita vile, ni kitu gani kitakachozifanya siku 365 zipite vingine? Huenda unalo jibu, mimi silijui. Lakini ningekuwa wewe nisingemjibu shemeji kabla sijalipata.

Sasa nisogee pale ulipopita haraka. Umeniandikia aya nzima ya kadi ya grafiki, na sentensi moja ya kifo cha babu. Nilizipanga tarehe zako kwenye karatasi. Babu amefariki Agosti. Kadi umeinunua Oktoba. Tangu hapo hujaongeza kitu. Na katikati ya hayo amezaliwa mtoto wako wa pili, kwa hiyo nyumba ilikuwa na furaha, wageni na usiku wa kulea, na sidhani kama ulipata hata wiki ya kumlilia mzee kwa utulivu.

Kila ukilifungua gemu lile, nani anaongea? Ukibonyeza kupandisha tanga, nani anasema "tweka"?

Inawezekana nimekosea. Inawezekana umechoka tu, au umefika kwenye sehemu ya kazi isiyopendeza, ile ya kurekebisha kasoro na menyu, ambayo kijana wangu anasema huwashinda wengi kuliko kuanza. Lakini nimewaona watu ambao hawakuweza kuingia chumba cha marehemu mwaka mzima, wakawa wanasema funguo zimepotea. Wewe chumba chako kiko ndani ya kompyuta, na ukiketi mbele yake inakubidi ufanye jambo lingine lenye kelele nyingi. Jaribu hili jioni moja, bila nia ya kufanya kazi. Zifungue zile faili za sauti, uzisikilize mpaka mwisho. Ukiweza, mwite mke wako asikilize nawe. Mtoto mkubwa pia. Miaka sita anamkumbuka babu yake. Hujaambiwa utengeneze kitu. Baada ya hapo utajua wewe mwenyewe kama nimebashiri sawa.

Kuhusu mke wako. Umeniuliza umwambie sasa au usubiri uzibe kimyakimya. Nitakuonyesha ninachokiona kila upande, kisha uamuzi ni wa kwako.

Ukisubiri, unahitaji mambo manne yaende sawa bila hata moja kuteleza: shemeji alete hela, mke asiulize akiba, rafiki wa uongo asitakiwe kurudishiwa kadi yake, na wewe uishi na hela ya ndugu yake huku sehemu yake ikiwa imeziba tundu ambalo yeye mtoaji hakuambiwa. Hilo la mwisho ndilo linanitia wasiwasi zaidi. Milioni 8 ukitoa 1,450,000 zinabaki 6,550,000, yaani miezi kumi na nusu ya mshahara wako, si kumi na miwili. Umeanza safari na maji pungufu, na mabaharia hawajui.

Ukimwambia sasa, utaumiza. Atauliza maswali ambayo hutaki kuyajibu, na huenda la rafiki aliyesafiri likamuuma kuliko zile tofali. Inawezekana akamwambia kaka yake na ofa ikafa hapo hapo. Hizo ni hatari za kweli na sizipunguzi. Lakini rudia maneno yake: "Nakuuliza uko wapi." Mwanamke anayeuliza hivyo bado yuko mlangoni, hajafunga. Na ukiamua kusema, fikiria kwenda na kitu mkononi: kadi ina thamani kiasi gani ikiuzwa leo, au utarudisha shilingi ngapi kila mwezi na kutoka wapi. Mwambie la kadi peke yake kwanza, siku yake. Usilichanganye na la shemeji, isije ikaonekana unaungama kwa sababu unataka ruhusa.

LUKU nayo tuipigie hesabu, maana ndiyo anayoiona kwa macho. Kompyuta ikivuta wati 350 ukicheza saa tano, hiyo ni yuniti 1.75. Kwa usiku 20 za mwezi ni yuniti 35. Cherehani yenye mota ya wati 100 ingeshona saa 350 kwa umeme huo. Sikupigii hesabu hii kukuaibisha. Nataka uone kwamba anapolalamikia yuniti, analinganisha na kitu anachokijua, tena kinachoingiza hela ya mboga. Kijana wangu anasema kuandika msimbo na kuchora gemu la picha bapa kunavuta umeme mdogo sana kuliko kucheza haya makubwa. Kwa hiyo usiku wa kazi na usiku wa mchezo havilingani gharama, na hilo mnaweza kulizungumza kwa tarakimu badala ya hasira.

Twende kwa shemeji. Ni mtu mwema, nahisi hivyo. Kuliona jahazi la watu kwenye simu na kusema "chukua milioni 8" si jambo dogo. Lakini hebu tuitazame biashara yenyewe. Steam inatoza dola 100 kwa kila gemu unaloweka, na hukurudishia mauzo yakifika dola 1,000. Inachukua asilimia 30 ya kila nakala. Tuseme unauza dola 5. Unabaki na 3.50. Kwa dola moja ya TSh 2,500 hiyo ni TSh 8,750, na shemeji akichukua nusu yake unabaki na 4,375. Ili upate mshahara wako wa mwaka, 7,440,000, unahitaji wanunuzi kama 1,700. Na hapo sijatoa punguzo la bei, wala kodi za nchi za wanunuzi, wala wale wanaorudisha gemu: Steam inamruhusu mnunuzi kudai hela yake ndani ya siku 14 kama hajacheza zaidi ya saa mbili. Akinunua mtu wa Marekani, fungu lako linakatwa tena asilimia 30, kwa sababu Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani. Watu 1,700 si mlima usiopandika. Ila ni watu, mmoja mmoja, ambao leo hawajui kama jahazi lako lipo.

Ongeza vitu ambavyo havimo kwenye 620,000 yako: mchango wa NSSF ambao mwajiri anakuwekea, na bima ya afya kama mnatibiwa kwa kazi yako. Una mtoto wa miezi tisa. Uliza kama kazini kwako wanaweza kukupa likizo bila malipo ya miezi mitatu badala ya kuacha kabisa. Wakikataa umepoteza swali tu.

Na hela ya ndugu ina uzito wake. Kule Yaoundé, Cameroon, studio ya Kiro'o Games iliyotoa Aurion mwaka 2016 ilikusanya mtaji kwa kuuza hisa kwa watu, na hisa ni maandishi. Wewe na shemeji mmeandikiana nini? "Nusu kwa nusu" ya nini: kabla ya makato au baada? Kwa miaka mingapi? Gemu lisipomalizika, milioni 8 ni deni au ni sadaka? Na je, sauti ya babu yako itakuwa nusu yake? Swali hilo la mwisho linaweza kukushangaza, lakini zile rekodi ni za mama yako na ndugu zake pia, na sijui kama wamewahi kuulizwa.

Umemtaja aliyetengeneza Stardew Valley, Eric Barone. Ni kweli alifanya peke yake zaidi ya miaka minne, likatoka Februari 2016, likauzwa mamilioni. Katika miaka hiyo alikuwa pia akifanya kazi ya saa chache ya kupokea watu kwenye ukumbi wa maonyesho, na mwenzake wa nyumbani alikuwa akifanya kazi ya kuwaendesha wote wawili. Mwenzake alijua. Umesoma habari zake mara nyingi; soma tena ukimtafuta mwenzake ndani yake. Na wako waliofanya kazi sawa na yeye, kwa miaka sawa, ambao hatujawahi kuwasoma.

Nikubali kwamba kati ya "acha kazi" na "futa kila kitu" kuna nafasi pana ambayo hujaitazama. Kijana wangu alitoa wazo nililolipenda: chukua safari moja tu, Tanga kwenda Pemba, msimu mmoja, mzigo mmoja, ulimalize hilo kama gemu kamili la nusu saa. Uliweke bure itch.io, tovuti ya magemu ya watengenezaji wadogo, huko hawatozi ada ya kuingiza. Hutahitaji kuacha kazi wala hela ya mtu. Faida yake ni kwamba utajua kitu ambacho miaka minne haijakuambia: kama unaweza kufika mwisho, na kama watu usiowajua wanashikwa na upepo wako kama sisi tulivyoshikwa. Shemeji naye angekuwa na kitu cha kutazama zaidi ya kipande cha video. Hatari yake ni kwamba gemu dogo linaweza kupita kimya, watu kumi wakalipakua, ukavunjika moyo ukiwa bado na kidonda. Uwe tayari kwa hilo, au usiliweke kwanza. Wape wenzako watatu wa usiku walicheze.

Njia nyingine ni kuliacha liwe la kwenu. Gemu ambalo haliuzwi popote, la watoto wako kusikia namna babu yao mkubwa alivyoita tanga. Watu hawalitaji hilo kwa sababu halina hela, lakini mwanaume anayechonga ngalawa ndogo jioni kwa ajili ya mwanawe hatumuulizi ataiuza lini. Ukichagua hivyo, huenda baadaye ukajiuliza ingekuwaje. Huenda pia ukalala.

Na kuuza kadi? Unaweza, hela ikarudi Pongwe. Ila usiuze kwa kujiadhibu, kwa sababu nataka kuwatetea kidogo wale watatu wa kwenye hedifoni. Babu yako alikuwa na baraza, nina hakika. Jioni wanaume walikaa, bao katikati, wakabishana na kucheka, na hakuna aliyewaita watoto. Wenzako wametawanyika Mwanza, Dar na Kigali, na baraza lenu limehamia kwenye seva ya Johannesburg. Mke wako haoni baraza, anaona ukuta. Amewahi kuwasikia? Anajua majina yao? Toa hedifoni usiku mmoja, uwashe spika, awasalimie. Tofauti ya baraza la babu na lako ni moja tu niionayo: la babu lilikuwa na adhana na usingizi wa kulivunja. Lako linaisha saa tisa kwa sababu hakuna wa kulivunja. Usiku mbili au tatu kwa wiki, mpaka saa tano, zikijulikana na wote nyumbani na wote kwenye gemu, hilo nalo linawezekana. Wenzako wanaweza kukulalamikia. Watazoea.

Sikujibu "kubali" au "kataa", na najua ulitaka mojawapo. Ukinilazimisha niseme lipi lina haraka, nitasema hakuna hata moja lenye haraka ya Idi isipokuwa shemeji mwenyewe, na shemeji aliyetoa milioni 8 anaweza kuombwa mwezi mmoja zaidi. Mwambie ukweli mdogo tu: bado hujazungumza na dada yake, na hutaki kujibu kabla. Ataelewa, maana alikutaka umwambie mwenyewe.

Niandikie tena, hata kama umeamua kinyume cha yote niliyosema. Na mwanangu, kitu kimoja hakiwezi kusubiri mazungumzo yoyote. Umesema simu uliyomrekodia babu imekufa na faili ziko kwenye kompyuta. Kwenye barua nzima sikuona nakala ya pili. Tunaishi na umeme unaokatika bila hodi. Leo ukitoka kazini nunua flashi, uzinakili zile sauti, flashi moja umpe mama yako.

Shangazi